Wanasema Wateja Wamezidi



Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa hesabu zake za miezi mitatu. Mkuu wake wa fedha, Bwana David Zinsner, alieleza kwamba wateja walitaka chipu nyingi kuliko zile kampuni iliyoweza kuzitoa, hasa zile zinazotengenezwa kwa njia mbili za zamani kidogo ziitwazo Intel 10 na Intel 7. Akaeleza pia kwamba zitakazopatikana zitapelekwa kwanza kwenye seva, yaani zile kompyuta kubwa za makampuni, na kompyuta za bei ndogo zitangoja. Wengi waliipokea habari hiyo kwa furaha. Ati kampuni iliyokuwa mgonjwa imepona, maana sasa wateja wapiga foleni mlangoni.

Nataka tuisome habari hii polepole, kama tusomavyo barua ya tajiri wakati wa mapatano ya mshahara. Sisemi ni uongo. Kila neno katika barua laweza kuwa kweli, na bado barua nzima ikakuficha jambo. Tena barua hii si mpya. Intel iliiandika mwaka 2018, ikaiandika tena mwaka 2019, na ukiziweka zote tatu mezani utadhani karani alibadilisha tarehe tu.

Yuko atakayeuliza yatuhusu nini sisi watu wa reli. Yatuhusu hivi. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta. Mshahara wako hupigwa hesabu na kompyuta, na makato yako, na siku zako za likizo. Abiria wa gari la Mombasa hukatiwa tiketi na kompyuta. Shule ya mtoto wako ikinunua mashine hainunui zile za bei kubwa, hununua zile za chini kabisa, na ndizo hizo zilizoambiwa zingoje.

Tuanze mwaka 2016. Mwezi wa Aprili mwaka huo Intel ilitangaza kuwa itapunguza watu 12,000, yaani karibu 11 kwa mia ya wafanyakazi wake wote. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu hawanunui kompyuta kama zamani, na kampuni yapaswa kugeukia kazi nyingine. Haya, wateja wamepungua, watu 12,000 wakaenda nyumbani.

Sasa soma barua ya tarehe 28 Septemba 2018. Iliandikwa na Bwana Bob Swan, aliyekuwa mkuu wa fedha na ambaye wakati huo alishika kiti cha mkurugenzi kwa muda, kwa kuwa Bwana Brian Krzanich alikuwa amejiuzulu mwezi wa Juni kwa kuvunja sheria ya kampuni juu ya uhusiano na mfanyakazi. Barua yasema biashara ya kompyuta imerudi kukua kwa namna iliyowashangaza, seva nazo zatakiwa sana, na kwa hiyo chipu ni haba, hasa za kompyuta za bei ndogo. Kampuni itatanguliza Xeon na Core za nguvu, na itaongeza dola bilioni 1 katika viwanda vya Oregon, Arizona, Ireland na Israel.

Wateja walikuwa wamezidi kiasi gani? Gartner, ambao kazi yao ni kuhesabu mashine zinazouzwa duniani, walisema kompyuta za robo ya pili ya mwaka 2018 zilizidi zile za mwaka uliotangulia kwa 1.4 kwa mia. Moja na nukta nne! Ilikuwa kweli mara ya kwanza kukua katika miaka sita, lakini kampuni iliyojiandaa vema haiwezi kuangushwa na moja na nukta nne. Seva ndizo zilizokua sana. Barua yenyewe yajivuna kwamba biashara ya makampuni ya wingu ilipanda kwa 43 kwa mia katika miezi sita ya kwanza. Sasa mtu aliyeona hivyo mwezi wa Juni, je, hakuona kitu mwezi wa Januari? Chipu haitengenezwi kwa siku moja. Tangu sahani tupu ya silikoni iingie kiwandani mpaka itoke imekamilika hupita yapata miezi mitatu, na kuongeza mitambo huchukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo uhaba wa Septemba ulipandwa zamani.

Kuna jambo jingine katika barua hiyo ambalo wengi walilipita. Bwana Swan aliwaambia wenye hisa kwamba kampuni ina chipu za kutosha kufikia mapato yaliyotabiriwa mwezi wa Julai, na utabiri huo ulizidi ule wa Januari kwa dola bilioni 4.5. Nasoma tena. Chipu hazitoshi kwa wanunuzi, lakini zatosha kwa mapato. Mwenye duka akikuambia hana sukari ya kuuza kwa ratili bali anayo ya kuuza kwa gunia, utajua kwamba sukari ipo.

Sasa tuingie kiwandani, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo, na barua haikufika huko.

Chipu hupigwa juu ya sahani ya duara ya silikoni yenye upana wa milimita 300. Juu ya sahani moja hukaa chipu nyingi, mamia zikiwa ndogo. Uchafu mdogo ukianguka mahali, chipu iliyopo hapo huharibika. Zile nzima zinazobaki huitwa mavuno. Ukifanya chipu kuwa kubwa, zitakaa chache juu ya sahani, na kila doa litaharibu eneo kubwa zaidi. Hayo mfundi yeyote aliyekata mabati ayafahamu.

Tangu mwaka 2014 Intel ilikuwa ikitumia njia iitwayo nanometa 14. Nia yao ilikuwa kuhamia njia ya nanometa 10, ambayo ingeweka vijipande vingi zaidi mahali padogo. Mwezi wa Julai 2015 Bwana Krzanich alisema njia mpya itachelewa mpaka nusu ya pili ya mwaka 2017. Mwezi wa Aprili 2018 akasema tena kwamba kutengeneza kwa wingi kumesogezwa mpaka mwaka 2019. Walikuwa wamejiwekea shabaha ya kubananisha vijipande kwa mara 2.7, ambapo desturi ya kazi hii ni kama mara 2. Mwanga waliochorea ulikuwa ule wa zamani, usioweza kuchora mstari mwembamba hivyo kwa pigo moja, basi sehemu nyingine zikabidi kupigwa mara nne, tano, hata sita. Kila pigo lapasa kulala juu ya lile la kwanza bila kukosea, na kila pigo ni nafasi mpya ya kuharibu. Mavuno yakawa mabaya.

Wenzangu wa reli wataelewa hivi. Tuseme umejenga njia mpya, na ratiba yako yote ya miaka mitatu ijayo umeiandika ukitegemea kwamba magari yatahamia huko. Njia mpya ikakataa. Magari yote yamebaki kwenye njia ya zamani, nayo ile ya zamani hukuipanua kwa sababu ulitazamia kuiachia nafasi. Kisha mshindani wako akatokea na magari marefu, nawe ukalazimika kurefusha ya kwako. Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ya AMD ilitoa prosesa zake za Ryzen mwezi wa Machi 2017, zenye viini vingi kwa bei nafuu. Intel iliyokuwa imeridhika miaka mingi na viini vinne kwa kompyuta ya mezani ikapanda hadi sita mwaka 2017, na minane mwaka 2018, yote kwa njia ile ile ya 14. Chipu zikawa kubwa, sahani moja ikatoa chache. Tena katika njia hiyo hiyo walikuwa wakitengeneza modemu za simu za Apple za mwaka 2018. Njia moja, mizigo yote.

Basi, ni wateja waliozidi, au ni njia iliyokwama? Vyote viwili, nami nakubali. Lakini barua ilisema la kwanza kwa sauti kubwa, maana linampendeza mwenye hisa. Juu ya njia ya 10 iliweka maneno machache tu ya faraja, kwamba mavuno yanaendelea vizuri na mwaka 2019 itafanya kazi.

Kisa cha chipu ya kwanza ya nanometa 10 lazima nikieleze, maana kinachekesha. Mwezi wa Januari 2018 kampuni ilisema kwamba ilitimiza ahadi, chipu za 10 zilikwisha kutoka kabla ya mwaka 2017 kwisha. Watu wakatafuta, wasizione. Mwezi wa Mei ikaonekana moja, Core i3-8121U, ndani ya kompyuta ya Lenovo iliyouzwa China. Ilikuwa na viini viwili tu, na ile sehemu ya kutoa picha ilikuwa imezimwa, hata mashine ikatiwa chipu nyingine ya picha kutoka kwa AMD, mshindani wao. Huko kwetu ni sawa na kupitisha injini moja yenye behewa moja lisilo na taa, usiku, kisha kutangaza kwamba njia imefunguliwa kwa tarehe iliyoahidiwa.

Wako wanaowatetea kwa kusema kazi hii ni ngumu kwa kila mtu duniani. Ni ngumu, naam. Lakini mwezi ule ule wa Septemba 2018 Apple iliuza simu zenye chipu iliyotengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa njia waliyoiita nanometa 7, ambayo kwa ubanaji wa vijipande yakaribiana na ile 10 ya Intel. TSMC nao hawakuwa na mwanga mpya wakati huo kwa kazi hiyo, walitumia ule ule wa zamani. Haki yataka niseme kwamba chipu ya simu ni ndogo, na mavuno yake ni rahisi kuliko ya seva. Hata hivyo jirani akivuna katika mvua ile ile, hoja ya ukame inapungua nguvu.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2018 Intel ilipata mapato ya dola bilioni 70.8 na faida ya bilioni 21. Mwaka 2019 mapato yakawa bilioni 72 na faida tena bilioni 21. Hiyo ndiyo miaka ya uhaba, ndugu zangu! Ukiwa na kitu haba unaleta kwanza kile chenye faida kubwa, na chenye faida ndogo unakiacha. Mwaka 2019 kampuni ilitumia dola bilioni 13.6 kununua tena hisa zake yenyewe, na juu yake ikawagawia wenye hisa bilioni 5.6. Mwezi wa Oktoba mwaka huo baraza lake likaruhusu nyongeza ya bilioni 20 za kununulia hisa. Na tarehe 20 Novemba, hazijapita wiki nne, ikatoka barua ya pili, iliyoandikwa na Bibi Michelle Johnston Holthaus, kuwaomba radhi wateja kwa chipu zinazochelewa. Iliongeza kwamba uwezo wa kupiga sahani za njia ya 14 umezidishwa mwaka ule, na bado haikutosha. Juma lililofuata Dell ikapunguza matarajio yake ya mapato ya mwaka kwa sababu ya uhaba huo.

Hapa naona baadhi ya wenzetu huenda mbali kupita kiasi. Husema kwamba fedha zile za hisa zingalitumika kiwandani, njia ya 10 ingalifanikiwa. Siwezi kusema hivyo. Kampuni ilikuwa ikitumia zaidi ya dola bilioni 15 kwa mwaka kwa majumba na mitambo, na zaidi ya bilioni 13 kwa uchunguzi, na mstari uliopinda haunyoshwi kwa kutupiwa noti. Waliokosea ni wale waliochagua shabaha ya 2.7 na wasiweke njia ya pili ya kupitia endapo ya kwanza itaziba. Lakini fedha zingaliweza kitu kimoja ambacho ni cha kawaida sana, nacho ni kupanua ile njia ya 14 mapema, mwaka 2016 au 2017, wakati ilipokwisha kujulikana kwamba ya 10 imechelewa. Hilo halikuhitaji uvumbuzi wowote. Mitambo yake ilijulikana na kazi yake ilijulikana. Badala yake mwaka 2016 walitangaza kupunguza watu. Sijui kama kuna neno lipasalo zaidi ya ubahili, ingawa wao huliita busara ya matumizi.

Mwaka 2020, tarehe 23 Julai, ikatangazwa kwamba njia iliyokuwa ifuate, ya nanometa 7, nayo mavuno yake yako nyuma ya matarajio kwa miezi 12 hivi. Kesho yake hisa zikaanguka kwa 16 kwa mia. Mwezi wa Julai 2021 mkurugenzi mpya, Bwana Pat Gelsinger, akabadilisha majina. Ile njia ya nanometa 10 iliyoboreshwa ikaitwa Intel 7, na ile ya 7 ikaitwa Intel 4. Kuna hoja ya haki katika jambo hili, maana namba hizi hazipimi tena kitu chochote ndani ya chipu, na TSMC walikwisha kutumia namba ndogo kwa kazi iliyo sawa. Lakini kwa msomaji wa kawaida njia iliyochelewa miaka minne ilipotea kwenye ramani, na mahali pake ikaonekana nyingine iliyofika mapema.

Sasa mnaelewa kwa nini nilishtuka niliposoma ile ya Oktoba 2025. Intel 7 iliyo haba leo ni ile ile nanometa 10 ya mwaka 2015, iliyobatizwa upya. Miaka kumi baadaye ndiyo inayobeba mizigo ambayo njia mpya zaidi hazijaweza kuibeba yote.

Na tazameni miezi. Mwezi wa Julai 2025 mkurugenzi wa sasa, Bwana Lip-Bu Tan, aliwaandikia wafanyakazi kwamba kampuni ilitumia fedha nyingi mno, mapema mno, bila wateja wa kutosha. Viwanda vilivyokuwa vijengwe Ujerumani na Poland vikafutwa, na watu wakapunguzwa kwa 15 kwa mia hivi ili wabaki 75,000 mwisho wa mwaka. Hayo yalifuata wale 15,000 wa mwaka 2024, mwaka ambao hasara ilifika karibu dola bilioni 19. Miezi mitatu baada ya barua ya Julai, wateja wamezidi na chipu hazitoshi. Najua kwamba viwanda vile vilivyofutwa visingalitoa chipu hata moja mwaka 2025. Walakini tajiri mmoja hawezi kutumia sababu mbili zinazopingana katika mwaka mmoja, moja kwa wafanyakazi na moja kwa wenye hisa, na sisi tukaitikia zote mbili kwa amina.

Watu walioondolewa hawakuwa na wa kuwauliza maswali haya kwa niaba yao. Viwanda vya Intel huko Marekani havina chama cha wafanyakazi. Marehemu Robert Noyce, mmoja wa wawili walioianzisha kampuni mwaka 1968, alisema wazi wakati wake kwamba kukaa bila vyama ni jambo la lazima kwa uhai wa makampuni ya namna yao. Basi mfanyakazi wa Oregon husoma barua ya tajiri siku ile ile tunayoisoma sisi, na hana mahali pa kuipeleka. Costa Rica mwaka 2014 waliambiwa kiwanda cha kukusanya na kupima chipu kinafungwa, watu 1,500 wakakosa kazi. Miaka michache baadaye kazi hiyo ikarudishwa pale pale, kwa kuwa uwezo wa kupima ulikuwa hautoshi. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kutafuta riziki kwingine.

Kwa serikali ya Marekani nako waliahidi. Mwezi wa Januari 2022 walitangaza viwanda viwili katika jimbo la Ohio kwa dola bilioni 20, vianze kazi mwaka 2025. Mwezi wa Novemba 2024 serikali ikawapangia msaada wa hadi dola bilioni 7.86 kwa viwanda vyao, na mwezi wa Agosti 2025 ikachukua kama sehemu ya kumi ya kampuni yenyewe. Kiwanda cha kwanza cha Ohio sasa kimeandikiwa kumalizika mwaka 2030 na kuanza kazi mwaka huo au wa 2031. Wajenzi bado wako pale wakimwaga zege, kwa mwendo wa pole.

Fundi wa Reli,
Nairobi.